Pombe na Heshima ya Wazee Mbeere

Siakago, mji uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Mbeere na ambao sasa uko katika Kaunti ya Embu, umezungukwa na nchi kame ya mtama, pojo na nyuki. Asali ya mizinga ya magogo, pamoja na miwa ya sehemu zenye maji, ndiyo iliyotumika kutengeneza pombe ya kienyeji. Ilichachushwa kwa tunda kavu la mwegea, nalo tunda hilo likaipa pombe jina linalojulikana kote katikati ya Kenya: muratina.

Pombe hiyo haikuwa ya kila mtu. Kunywa kulikuwa haki ya wazee, na uzee wenyewe haukuhesabiwa kwa miaka. Ulipimwa kwa ndoa, watoto na nafasi ya mtu katika rika lake. Kijana aliyetahiriwa aliweza kubeba kibuyu, kuchanja kuni na kusimama kando akisubiri kutumwa, lakini hakuketi na wanywaji. Kabla ya mzee kuonja, tone la kwanza lilimwagwa chini kwa ajili ya wahenga. Mahari haikujadiliwa bila pombe, na mashauri mazito, yakiwemo ya ardhi, yaliandamana nayo. Hivyo kijana alijifunza adabu kwa kutazama: nani anyweshwe kwanza, nani azungumze, nani anyamaze.

Heshima hiyo haikutokana na upole mtupu. Baba aliyemiliki mbuzi wa mahari ndiye aliyeamua mwanawe ataoa lini, na mwana asiye na mali yake mwenyewe hakuwa na njia ya kuwapita wazee. Adabu ya kibuyu ilikuwa sura ya nje ya mamlaka hayo.

Waingereza walipoiteka Embu mwaka 1906, mambo yaliyotegemeza utaratibu huo yalianza kulegea. Kodi iliwapeleka vijana kwenye mashamba ya walowezi, nao wakarudi na fedha zisizopitia mikononi mwa baba. Kwa fedha hizo waliweza kununua pombe, na baadaye sukari ya dukani ikarahisisha kuipika bila kungoja msimu wa asali. Mwanahistoria Charles Ambler ameonyesha kwamba katika Kenya ya kati malalamiko kuhusu vijana walevi wasiojali wakubwa yalikuwa yamezagaa tayari katika miongo ya mwanzo ya ukoloni. Wanaodhani kwamba utovu wa adabu ulizaliwa na kizazi cha simu wamechelewa kwa takriban karne nzima.

Serikali ilijibu kwa amri. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 iliwapa machifu uwezo wa kudhibiti upikaji wa pombe. Machifu wengi hawakuwa na cheo chochote katika mabaraza ya kale. Sasa wao ndio waliotakiwa kulinda heshima ya wazee ambao mamlaka yao waliyachukua. Wamisionari waliofika Kigari, Embu, mwaka 1910 walileta mpaka mwingine: Mkristo mwema hakunywa kabisa, awe mzee au kijana. Shule nayo ikampa mtoto anayejua kusoma barua uzito mbele ya baba asiyejua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waafrika waliruhusiwa bia ya chupa, ambayo muuzaji humpa yeyote mwenye pesa. Hata ardhi, iliyokuwa shauri la wazee, ilibadilika: upimaji na uandikishaji wake Mbeere katika miaka ya 1970 uliligeuza shamba la ukoo kuwa mali yenye hati na jina la mtu mmoja. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji iliyopigwa marufuku mwaka 1980, iliendelea kunywewa kwa siri, mbali na macho ya wazee. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliifuta marufuku hiyo na kuweka umri wa miaka 18 kuwa kizingiti, kipimo ambacho mzee wa kale asingekitambua. Hata baada ya sheria hiyo, mwezi Mei 2014 pombe yenye sumu iliua makumi ya watu Embu na kaunti nyingine.

Mahali ambapo utaratibu wa kale umesalia zaidi ni kwenye mazungumzo ya mahari. Hapo wazee bado huketi mbele na vijana huhudumu, ingawa katika familia za kanisa kibuyu kimeachia nafasi yake kreti za soda.