Hekalu la Chole na Boriti za Rufiji

Anayetafuta hekalu la kale la Wahindu akiwa Mbuchi, katika delta ya Mto Rufiji, itambidi avuke maji. Atapita kwa boti kati ya mikoko hadi Nyamisati, apande chombo cha kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, ashike barabara ya Utende, kisha mashua imvushe hadi Chole, kisiwa kidogo tu. Huko, katika mji uliowahi kuwa makao makuu ya Mafia yote, lipo gofu la hekalu. Wageni wengi hulipita wakiwa na haraka ya kwenda kuona popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Mimi naliona gofu hilo kuwa sehemu ya historia ya Warufiji vilevile, wala si mali ya Mafia peke yake.

Kabla ya Chole, mji mkubwa wa visiwa hivi ulikuwa Kua, kisiwani Juani. Katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Madagascar waliuvamia, wakaua na kuteka watu, na Kua haikuinuka tena. Utawala wa Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, ukaweka makao yake ya Mafia Chole. Waarabu wa Oman wenye mashamba ya minazi wakajenga nyumba za mawe, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka na maghala.

Wahindi hawa hawakuja kubahatisha. Kwa miaka mingi ya karne ya 19, ushuru wa forodha wa pwani ya sultani ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Wabhatia mwenye asili ya Kutch, India. Katika bandari ndogo, aliyekaa na daftari mara nyingi alikuwa Mhindi mwenzake. Aliandika kilichoingia na kilichotoka, akakopesha nguo, akangoja mavuno. Mafia ilitoa nazi na kauri. Kauri hizo kampuni za Hamburg zilizinunua Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Delta ilitoa mpunga, na boriti.

Hapo kwenye boriti ndipo Mbuchi na Chole zinapokutana. Nyumba ya mawe ya pwani, toka Lamu hadi Kilwa, hupimwa na mkoko. Vyumba vyake ni vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi, kwa sababu boriti inayobeba dari nzito ya mawe na chokaa ikizidi hapo hupinda. Delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wowote Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, ndiyo iliyokuwa ghala la miti hiyo. Wakataji waliingia kwa mitumbwi maji yakijaa, wakakata wakiwa ndani ya tope, wakatoka na mzigo wao maji yakipwa. Boriti ziliuzwa kwa korija, ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini hadi Unguja, Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea. Biashara hiyo ilikuwa na faida kubwa hata Wajerumani wakaifanya mikoko ya delta kuwa msitu wa serikali mwaka 1898.

Hekalu lenyewe limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sawa na nyumba zilizolizunguka. Mti wa jamii ya mkuyu umeota juu ya kuta, na mizizi yake imeteremka hadi ardhini, mingine minene kama paja la mtu, ikajipenyeza kwenye nyufa na kulikumbatia jiwe. Ukisimama mbele yake huwezi kusema ni ukuta unaoubeba mti au mti unaouzuia ukuta usianguke. Wafanyabiashara wengi wa Kibhatia wa zama zile waliacha wake zao Kutch na kuja peke yao, wakitarajia kurudi. Kwa hiyo hekalu la jiwe katika kisiwa kidogo namna hii lina uzito wake, maana mtu hachomi chokaa na kupandisha kuta mahali anapopita tu.

Tusiipambe historia hii, hata hivyo. Mikopo ya nguo ilifunga watu wengi kwa madeni, na baadhi ya Wahindi wa pwani walimiliki watumwa. Mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, Frederic Elton, ofisa wa Uingereza aliyetoka Unguja, alisafiri nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa, akipita Rufiji, akiwaachia huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi, ambao Uingereza iliwahesabu kuwa raia wake. Anayelisimulia hekalu bila kuwataja watu hao amesimulia nusu.

Wajerumani waliichukua Mafia mwaka 1890 na kuitawala kutoka Chole hadi mwaka 1913, walipohamia Kilindoni. Januari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaiteka Mafia, wakarusha kutoka huko ndege za kuisaka meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha deltani. Ilizamishwa tarehe 11 Julai 1915. Kwa kuwa makao yalikwisha kuhamia Kilindoni, hakuna aliyekuwa na sababu ya kurudi Chole kwa ajili ya utawala au forodha. Mahekalu ya mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, yana waumini mpaka leo. La Chole lina mizizi.

Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, inalinda samaki na matumbawe, lakini ukuta unahitaji fundi. Nawaomba wanaosimamia mambo ya kale wasianze kwa panga. Mizizi ikikatwa ovyo, kuta zitakwenda nayo. Wapime kwanza, wapige picha, wawasikilize wazee wa Chole, waandike. Na walimu wa Kibiti wanaowapeleka wanafunzi Bagamoyo kila mwaka wakumbuke kwamba Nyamisati, bandari ya kwendea Chole, imo ndani ya wilaya yao.