Tassili n'Ajjer

TASSILI N'AJJER ni uwanda wa juu wa majabali ulioko kusini-mashariki ya Algeria, katika kitovu cha Sahara, karibu na mipaka ya Libya na Nijeri. Eneo lake lililohifadhiwa lapata kilomita za mraba 72,000, na humo mna misitu, ila ni misitu ya mawe: nguzo, minara, matao na vichochoro vilivyosongamana maelfu kwa maelfu, hata mgeni akitazama kwa mbali hudhani kuwa ni mji mkongwe uliohamwa na watu wake. Serikali ya Algeria iliufanya uwanda huu hifadhi ya taifa mwaka 1972, na UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia mwaka 1982.

Aghalabu watu huzinasibisha ajaibu hizi na upepo. Upepo una fungu lake, kwani ndio unaochukua mchanga na kuyasugua mawe hata yakakonda karibu na ardhi. Lakini fundi mkuu alikuwa maji. Jabali lenyewe ni jiwe la mchanga lililojengeka tabaka juu ya tabaka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kisha likaingia nyufa zilizokatana huku na huku; na katika zama ambazo Sahara ilikuwa nchi ya mvua na mito, maji yalipenya katika nyufa zile, yakazipanua zikawa njia, njia zikawa makorongo, na kilichosalia baina yake ndicho hiki tukionacho leo.

Ushahidi wa mvua hizo umo katika mawe yale yale. Michoro inayozidi 15,000, mingine ya rangi na mingine ya kuchongwa, yaonyesha viboko, tembo, twiga, na makundi ya ng'ombe pamoja na wachungaji wao. Baadaye waja farasi, na mwisho ngamia, ambaye kuingia kwake ni dalili tosha kwamba nchi imekwisha kukauka. Si mbali na mji wa Djanet wamechongwa ng'ombe wenye vichwa vilivyoinama, mistari yao imezama sana ndani ya jiwe, na chini ya jicho pana tone. Wenyeji hueleza kuwa wanyama hao walikuja kunywa, wakakuta maji yamekauka, wakalia. Mchongo huo hutazamwa vema pale jua linapoupiga kwa ubavu, kivuli kikajaa ndani ya mistari. Saa sita za mchana hauna ladha.

Mfaransa Henri Lhote alifika mwaka 1956 pamoja na wachoraji, akaongozwa na Watuareg, wenyeji wa nchi hiyo, ambao bila wao asingalifika popote. Ili rangi zing'ae wapate kuzinakili, waliipangusa michoro kwa sifongo zilizoloweshwa maji. Nakala zao zilistaajabisha watu Paris, lakini michoro ya asili ikafifia, na hasara ile haina fidia. Ndiyo maana leo mzuru hukatazwa katakata kuigusa, seuze kuilowesha.

Mwenye nia ya kuzuru huanzia Djanet, mji wa mitende ulio chini ya genge, ambao hufikiwa kwa ndege kutoka Algiers. Naye hana ruhusa ya kuingia hifadhini pasipo mwongozaji mwenyeji. Kwenda Tamrit na Sefar, juu uwandani, hakuna barabara ya gari: hupandwa kwa miguu katika njia za mawe zilizosimama, mizigo ikibebwa na punda, na safari ni ya siku kadhaa. Majira mazuri ni toka Oktoba hata Machi, ijapokuwa usiku wa Januari baridi yake ni kali.

Juu huko yamesalia madimbwi ya miambani, yaitwayo gelta. Katika baadhi yao, upande wa Iherir, mamba waliishi mpaka mwanzo wa karne ya 20. Na katika bonde la Tamrit imesimama miberoshi ya jamii ambayo kwa asili yake haioti nje ya Tassili, zaidi kidogo ya 200 katika Tassili nzima, baadhi yao ikikisiwa kupita miaka 2,000. Miti michanga ni adimu mno, kwani mbegu ikiota hukosa maji ya kuilea, na chipukizi likisalimika na kiu halisalimiki na mbuzi.