Mitindo ya Magari Iliyokwamia Shinyanga na Geita

Agosti 2023 Toyota ilionyesha Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoboreshwa, na jambo la kwanza lililoonekana lilikuwa taa: zimerudi kuwa za mviringo. Gari hilo lilizaliwa mwaka 1984 likiwa na taa za namna hiyo. Mwaka 2007 likavishwa uso mpya wenye taa pana za kona kona, kufuata mitindo ya wakati huo. Miaka 16 baadaye kiwanda kikarudi kilikotoka. Huku Geita, Kahama na Shinyanga, ambako Land Cruiser hilo la mfululizo wa 70, maarufu kama mkonga, ndilo gari la mgodini, la polisi, la kubebea wagonjwa na la mchimbaji aliyebahatika, habari hiyo ilikuwa na uzito wake. Madereva wa ukanda huu wamekuwa wakiikataa mitindo ya wabunifu kwa vitendo tangu zamani. Hawaandiki malalamiko kiwandani. Wanalipeleka gari kwa fundi, likatwe, linyanyuliwe, lifungwe chuma.

Historia yenyewe inaanzia kwenye almasi. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, na mgodi wake ukawa mji kamili wenye shule, hospitali na kiwanja cha ndege. Miaka minane baadaye, Aprili 1948, gari ambalo lingeifaa ardhi ya huku, Land Rover ya kwanza, lilionyeshwa Amsterdam. Umbo lake lilitokana na uhaba. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Mashine kubwa za kukandamiza mabati zilikuwa ghali, hivyo bodi ikawa na pande bapa zinazoweza kukunjwa kwa vifaa vya kawaida. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa masalia ya rangi za ndege za kivita.

Gari lililozaliwa kwa dhiki likaifaa nchi yenye dhiki. Bati bapa likibonyea hunyooshwa kwa nyundo chini ya mwembe. Bampa ilikuwa pau ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye chesesi, taa ilikuwa kioo cha mviringo kinachopatikana duka lolote la vipuri. Msukuma anaijua ardhi yake kwa majina: kuna luseni ya mchanga, kuna itogolo ngumu, kuna mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Gari lililokwama mbugani hutolewa kwa kusukumwa, kuvutwa kwa mnyororo na kutiwa majembe chini ya tumbo. Land Rover ilikuwa na mahali pa kufunga mnyororo na mahali pa watu kumi kushika.

Asije mtu akadhani madereva wa huku hawapendi gari zuri. Peugeot 404 ya mwaka 1960 na 504 ya mwaka 1968 zilichorwa kwa ushirikiano na Pininfarina, wabunifu wa Kiitaliano waliosifika kuliko wengi, nazo zilipendwa Afrika Mashariki nzima. 404 ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Lilikuwa gari lenye mistari ya kupendeza, na chini yake kulikuwa na springi ndefu zilizomeza mashimo. Uzuri na uimara vilikaa pamoja bila kugombana. Nasisitiza hilo kwa sababu watetezi wa mitindo mipya husema kila anayelalamika hajui urembo. Dereva aliyeipenda 504 alijua urembo vizuri.

504 ilikuwa pia na kitu ambacho vijana wa leo huenda hawajawahi kukitazama: mfereji mdogo wa bati uliozunguka paa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzuia maji ya mvua yasimwagikie milangoni. Kwetu kazi yake kubwa ilikuwa kushikilia keria. Unaweka keria juu, unakaza vishikizo vyake kwenye mfereji, unapakia magodoro, matenga ya kuku na magunia ya mkaa. Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973, wabunifu walianza kuhangaikia upepo. Audi 100 ya mwaka 1982 ilisifiwa kwa jinsi ilivyoupasua, na mifereji ya paa ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa kwenye magari madogo. Gari likawa laini, mafuta yakapungua, na keria ikakosa pa kushika. Land Cruiser 70 bado ina mfereji wake hadi leo.

Mabadiliko hayo yalichelewa kutufikia. Katika kipindi kigumu cha mwanzo wa miaka ya 1980, kununua gari lilikuwa jambo la kibali. Mwaka 1984 Serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na kuanzia 1985, enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, milango ikazidi kufunguka. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini Dar es Salaam. Hapo ndipo Shinyanga ilipokutana na mitindo yote kwa mkupuo. Mtindo uliobuniwa kwa lami ya Nagoya uliingia barabara ya vumbi ukiwa na umri wa miaka minane au kumi, wakati aliyeubuni keshahamia kwenye mwingine.

Ugomvi mkubwa umekuwa bampa. Renault 5 ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya watu wa kawaida kutoka kiwandani na bampa za plastiki. Kufikia miaka ya 1990 bampa ilikuwa imemezwa na bodi: inapakwa rangi ya gari, inashuka hadi chini ya rejeta, inashikiliwa na klipu. Wabunifu walikuwa na sababu. Plastiki ni nyepesi, hupunguza ulaji wa mafuta, na humuumiza kidogo zaidi mtembea kwa miguu anapogongwa. Sababu hizo ni za kweli. Lakini zinahitaji barabara isiyo na ukingo wa kalavati uliochongoka, isiyo na tuta la udongo lililowekwa na wanakijiji wenyewe, isiyo na korongo lililochimbwa na mvua ya juzi.

Ingia gereji ya Kahama au Katoro utazame kazi ya kushona bampa. Fundi huilaza bampa juu ya gunia na kuukutanisha ufa. Hupasha bisibisi kuukuu kwenye mkaa mpaka ncha iwe nyekundu, kisha hutoboa matundu kwa jozi, moja huku na moja kule. Harufu ya plastiki inayoungua hujaa kote. Halafu hupitisha waya mwembamba wa kufungia nondo, tundu kwa tundu, na kuusokota kwa koleo upande wa ndani ili ncha zisionekane. Mshono hubaki wazi kwa nje kama jeraha lililoshonwa zahanati. Wengine huweka gundi na putti wakapaka rangi. Wengi huacha hivyo hivyo, kwa kuwa wanajua bampa hiyo itarudi kushonwa kabla ya mavuno.

Baada ya bampa ni taa. Magari ya zamani yalikuwa na taa za kioo. Kuanzia miaka ya 1980 Marekani, na miaka ya 1990 kwingineko, kioo kikapisha plastiki ngumu, kwa sababu plastiki ilimruhusu mbunifu kuivuta taa mpaka ubavuni mwa gari na kulipa gari sura anayoitaka. Ukanda wetu una jua kali na mchanga unaorushwa na malori usiku na mchana. Jua hula ule utando wa kinga uliopakwa kiwandani, taa inageuka manjano, mwanga unafifia. Fundi huisugua kwa msasa wa maji, wa kukwaruza kwanza na kisha laini zaidi, akamalizia kwa dawa ya kung'arisha, au dawa ya meno kama hana nyingine. Taa inarudi nyeupe na mwenye gari anaondoka ameridhika. Kwa kuwa msasa umeondoa na utando uliokuwa umebaki, unjano hurudi baada ya miezi michache. Taa ikipasuka ni balaa jingine, maana taa ya modeli moja haiingii kwenye nyingine. Taa ya mviringo haikuwa na masharti hayo. Ndiyo maana nasema kuiacha taa hiyo kulikuwa suala la usalama wa usiku kabla ya kuwa suala la sura.

Migodi mikubwa ilipofika, ilileta mtindo wake. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Land Cruiser nyeupe zenye ngao mbele, mkonga wa kuvutia hewa safi pembeni mwa kioo, taa ya kuzunguka juu ya paa na ukanda wa kuakisi mwanga ubavuni zikawa sehemu ya mandhari. Kila kilichofungwa kilikuwa na kazi. Injini iliyozoeleka, 1HZ ya dizeli ya lita 4.2, haina turbo, na fundi yeyote mzoefu anaifungua. Vijana wa Nyarugusu na Rwamagasa wakakua wakiliona hilo ndilo gari la mtu aliyefanikiwa. Dhahabu ikipatikana, wengi huwaza mkonga. Huu ni urembo uliotokana na kazi, na nauheshimu kuliko urembo wowote wa kwenye maonyesho.

Mjini mambo yana sura nyingine. Toyota Altezza ya mwaka 1998 iliambukiza dunia nzima ugonjwa wa taa za nyuma zenye kioo cheupe, na Harrier ya mwaka 2003 ilipofika na taa za mkondo huo, mtaa ukaibatiza "tako la nyani". Gari likaendelea kununuliwa, kwa sababu lilikuwa juu na lilistahimili, lakini jina halikulitoka. Crown Athlete iliwanasa vijana kwa sura yake, ila wengi wameilipia kwenye tairi. Tairi yake ya 225/45 kwenye rimu ya inchi 18 ina ukuta wa milimita 101 tu kati ya rimu na barabara. Shimo moja kali hupinda rimu na kuchana tairi kwa pigo lile lile. Wengine huliweka gari juu kwa spesa za springi. Hapo nawaonya wasomaji: gari likinyanyuliwa kupita kiasi, jointi za magurudumu hufanya kazi kwa pembe ambazo hazikukusudiwa, na usukani hupoteza utulivu.

Ndani ya gari nako hakukusalimika. Vitz ya mwaka 1999, X-Trail ya mwaka 2000 na IST ya mwaka 2002 ziliweka mita katikati ya dashibodi. Kiwandani ilikuwa nafuu, kwani dashibodi ya namna hiyo hufaa kwa urahisi usukani wa kulia na wa kushoto. Madereva wa nchi nyingi hawakuupenda mtindo huo, na viwanda vikasalimu amri: X-Trail ilirudisha mita nyuma ya usukani mwaka 2007, Vitz mwaka 2010. Kisha ikaja skrini. Zamani redio ilitolewa kwa skrubu chache ukaweka nyingine. Skrini iliyojengewa ndani ya dashibodi hubaki pale ikiandika Kijapani, ikidai kadi ya ramani za Japani, na redio yake ikikamata vituo vya chini tu, kwa sababu masafa ya FM ya Japani yalikomea 90 kwa miaka mingi ilhali yetu yanafika 108. Ulaya nako madereva wamechoshwa na skrini. Vipimo vipya vya Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari, vilivyoanza Januari 2026, vinalipa alama gari lenye swichi za kushika kwa mkono za indiketa, honi, waipa na taa za hatari.

Mshindi kimya wa historia hii ni Toyota Probox. Ilitoka mwaka 2002 kwa ajili ya wafanyabiashara wa Japani wanaozunguka na sampuli: paa bapa, mlango wa nyuma uliosimama wima, na kwenye matoleo ya bei nafuu bampa nyeusi isiyopakwa rangi, ambayo ikikwaruzwa haimuumizi mtu roho. Kanda ya Ziwa ikaigeuza mchomoko, yaani gari dogo la abiria, ikibeba abiria na mizigo kuliko inavyostahili, na huo ujazaji ni hatari inayopaswa kukomeshwa. Lakini uimara wake kwenye njia za Katoro na Kakola unaeleza kile ambacho madereva wamekuwa wakikitaka siku zote.

Basi wewe unayetaka kuagiza gari mwaka huu, usichague kwa picha ya mbele iliyopigwa kwenye sakafu inayong'aa. Mwambie wakala akutumie picha ya chini ya gari na kipimo kwa rula kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa bampa. Uliza ukubwa wa tairi na urefu wa ukuta wake. Uliza kama redio inatoka. Uliza taa moja ya mbele inauzwa shilingi ngapi Kahama, na kama ipo. Ukikosa majibu ya maswali hayo, usitume fedha.