Jembe la Apolo

Somo: 1 Wakorintho 9:1–18

Leo tunataka tuwaze pamoja juu ya Mkristo na haki zake.

Karibu na mwaka 50 Mtume Paulo alifika Korintho, mji wa Uyunani. Alikaa kwa Akila na Prisila, akashona mahema pamoja nao, akala jasho lake. Baadaye aliwaandikia Wakorintho kueleza sababu. Tuangalie vema jinsi anavyoanza. Hasemi kwamba mhubiri hastahili kulishwa. Aitetea haki hiyo kwa nguvu: askari hajilipii gharama zake, mwenye kupanda mzabibu hula matunda yake, na mchungaji hunywa maziwa ya kundi lake. Ndipo aeleza kwamba yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo, asije akaiwekea Injili kizuizi.

Jambo kama hili limeonekana pia katika pande zetu hizi za Afrika. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, naye alipata kuwa askari kabla ya kubatizwa mwaka 1895. Mwishoni mwa mwaka 1896 alivuka kutoka Toro kwenda Mboga, nchi ambayo leo imo katika Kongo. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka, maana mtawala Tabaro aliwanyima chakula. Apolo hakungoja kuahidiwa posho. Alinunua jembe, akaenda nalo. Kama vile Paulo alivyokuwa na sindano ya mahema, Apolo alikuwa na jembe.

Tabaro alimchukia, akaamuru apigwe. Kisha dada yake Tabaro akafa kwa kuchomwa na mkuki uliokuwa umefichika katika majani marefu. Apolo akasingiziwa kifo hicho, na mwaka 1898 akafungwa gerezani. Alipofunguliwa, nani angemlaumu kama angalirudi kwao Buganda? Nani angeshangaa kama angalidai kisasi? Lakini yeye alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Na Tabaro, aliyempiga, mwishowe akabatizwa.

Apolo hakuoa. Mwaka 1903 alifanywa kasisi, na mwaka 1922 akapewa cheo cha kanoni. Mtu wa umri wake na heshima yake angeweza kudai mahali pa kupumzikia. Yeye akaingia msituni kuwahubiria Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ambako kazi ilikuwa bado haijakwisha. Hata haki ya kulazwa kwa desturi ya kwao aliiacha.

Basi, ndugu zetu, hapa tujihadhari. Mara nyingine katika makanisa yetu twahubiri kujinyima, lakini twawahubiria wale wasio na kitu. Mwinjilisti akikaa miezi bila mshahara, twamwambia avumilie kwa ajili ya Bwana. Akina mama waliopika tangu alfajiri siku ya mkutano hula mwisho, nasi twaita jambo hilo huduma. Paulo hakufanya hivyo. Haki ya wenzake aliitetea. Haki yake mwenyewe ndiyo aliyoiacha. Mtu akiiacha haki yake kwa pendo, hiyo ni sadaka. Akinyang'anywa na mwingine, hiyo ni dhuluma, hata kama imefunikwa kwa maneno ya dini.

Kwa hiyo tusianze kwa kumwuliza jirani ataacha nini. Tujiulize sisi wenyewe. Katika baraza la wazee, je, ni lazima neno la mwisho liwe letu? Katika ugomvi wa mpaka wa shamba, je, twaweza kumwachia ndugu hatua mbili ili tushiriki tena Meza moja? Na yule anayetufanyia kazi, je, amepata haki yake yote kabla hatujamwomba ajitolee?

Bwana Yesu alikuwa na haki zote, akaziacha kwa hiari, akashika beseni na kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye na atupe moyo huo: mwepesi wa kuacha kilicho chetu, na mwaminifu wa kulinda kilicho cha wengine.

Bwana awabariki. Amina.