Nani Alisema Susu Hana Ujuzi?

Wasee, siku ya soko hapa Kikima utanipata kwa mitumba nikichagua hudi. Shilingi 150, kamera safi. Sijakuja kuwaambia muache mitumba, hata mimi nimeivaa. Nataka tu tujue vile tulifika hapa.

Susu yangu alikulia kule chini Kathonzweni, upande wa joto, na kwao walilima pamba. Anajua ipandwe lini, ipigwe dawa lini, na pamba ya gredi ya kwanza anaitambua kwa vidole tu. Siku hizo tulikuwa na viwanda vyetu vya nguo kama Kicomi, Kisumu, na Rivatex, Eldoret.

Tusidanganyane, maisha hayakuwa matamu. Bodi ya pamba ilichelewesha malipo mpaka mkulima anachoka. Halafu 1991 soko la pamba likaachiliwa huru, na miaka hiyo ya 90 mitumba ikaanza kumiminika kwa makontena. Kicomi ikafungwa, baadaye Rivatex nayo ikaanguka. Kina susu wakang'oa pamba wakapanda ndengu. Ghafla wakawa "watu wasio na ujuzi". Lakini kile susu alijua bado anakijua. Aliyeondoka ni mnunuzi.

Mwaka wa 2000 Marekani ikaleta AGOA: nguo zikishonwa Kenya, zinaingia kwao bila ushuru. Viwanda vya EPZ pale Athi River vikapata kazi, na vijana wengi wa Ukambani wakapanda matatu kwenda kushona. Binamu yangu ni mmoja wao. Shida ni kwamba AGOA iliruhusu kitambaa kitoke nje, na kingi kilitoka Asia. Jinzi inasema imetengenezwa Kenya, lakini mkulima wa pamba Makueni haoni hata shilingi.

Mnamo 2016, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Kenya ikarudi nyuma mbio kulinda AGOA. Rwanda ilikaza. Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwa hiyo nafuu ya ushuru.

Halafu Septemba 30, 2025, muda wa AGOA ukaisha. Usiku huo binamu alinipigia simu akiniuliza kama nimesoma chochote kuhusu kazi yao. Watu wa kuamua wako Washington. Mwenye kukosa usingizi yuko kwa chumba kimoja Athi River, na kodi ya nyumba ni tarehe tano.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo kwa karatasi hata mimi sina ujuzi. Labda ndiyo maana hilo neno linaniuma. Soko huria limenipa hudi ya 150 na limempa binamu mshahara, siwezi kukataa. Lakini hakuna aliyekaa chini na susu kumuuliza anajua nini kabla ya kumfungia soko lake.

Kwenu walilima ama walitengeneza nini kabla ya miaka ya 90? Muulize susu wako leo, halafu uniambie hapa chini.