Kodi ya Nyumba

Ukisema "kodi ya nyumba" Nairobi leo, kila mtu anafikiria lendilodi na tarehe tano. Kwa babu zetu ilikuwa kitu kingine: kodi uliyolipa serikali kwa nyumba uliyojijengea mwenyewe.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini somo moja la uchumi lilinibaki kichwani: ukimtoza mtu kodi kubwa kwa kipato chake, atapunguza kazi. Baadaye nikasoma historia na kukuta wakoloni walitumia kodi kwa lengo la kinyume kabisa: kumsukuma mtu akafanye kazi.

Kodi ya nyumba ilianza 1901. Mwaka wa 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili vijana wasio na nyumba wasiponyoke. Ujanja wake ulikuwa huu: haikuuliza umepata ngapi. Mvua inyeshe, isinyeshe, unadaiwa kiasi kilekile, tena pesa taslimu. Wengi walikuwa na shamba na mbuzi. Pesa alikuwa nazo mlowezi. Basi unaenda kuchuma kahawa yake, kwa mshahara aliopanga yeye.

Mwaka wa 1921, kodi ikiwa imefika shilingi 16, walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara kwa thuluthi. Harry Thuku akapinga, akakamatwa Machi 1922. Watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi wakidai aachiliwe, wakamiminiwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwaka huo kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Sasa sikia hii. Miaka hiyohiyo walowezi nao waliletewa kodi ya mapato, ile inayouliza umepata ngapi. Wakapiga kelele, na 1922 ikafutwa. Haikurudi hadi 1937. Mwafrika alipunguziwa shilingi nne baada ya damu kumwagika. Mlowezi alifutiwa yote bila hata jiwe kurushwa.

Juzi nimelipwa makala, asilimia 5 ikakatwa kabla pesa hazijanifikia. Iliniuma, lakini angalau walikata kwa nilichopata. Kisha nikaingia dukani kununua sabuni yenye VAT ya asilimia 16. Mimi na bosi mwenye magari matatu, kodi ya mche mmoja ni ileile.

Mswada wa Fedha ukija tena, msiangalie asilimia pekee. Angalieni kama kodi yenyewe inauliza umepata ngapi.