Walimu wa Sanaa wa Jogoo Road

Mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, inayopitiwa na barabara ya Jogoo Road, ilijengwa kwa ajili ya watu wa kazi. Pumwani ilipangwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kaloleni ikafuata katika miaka ya 1940, kisha Ofafa, iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953, na Mbotela, iliyopewa jina la Tom Mbotela aliyeuawa mwaka mmoja kabla yake. Jericho na Jerusalem zilikuja uhuru ukibisha hodi. Tulipata shule, soko, kanisa na ukumbi wa jamii. Chumba cha kuchorea hatukupata, na mtoto aliyetaka kujua kuchora alitegemea bahati ya kupangiwa mwalimu anayeijua kazi hiyo.

Mimi ni mtoto wa Jericho. Nimesomea sanaa chuo kikuu, nikasomea na kuifundisha, na tangu hapo watu huniuliza swali moja: kwa hivyo wewe ni msanii au ni mwalimu? Swali hilo huniuma. Anayeliuliza hajui sanaa ya vyuo vikuu vyetu ilitoka wapi.

Ilitoka kwa mwalimu. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeishi kwanza Machakos miongoni mwa Wakamba, alihamia Uganda na mwaka 1937 akaanza kuwafundisha wanafunzi wa Makerere kuchora, nyumbani kwake. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kuhusu sanaa na ufundi wa Afrika. Hakukiandikia wanunuzi wa picha wala majumba ya makumbusho. Kilihusu namna ya kuikuza kazi hiyo shuleni. Tangu mwanzo, basi, chuo kilimtazama mchoraji kama mtu atakayesimama mbele ya watoto.

Waangalie waliopita hapo. Gregory Maloba, Mkenya, alikwenda Makerere kusoma akabaki kufundisha. Ndiye aliyechonga sanamu ya uhuru iliyoko Kampala, ya mwaka 1962, mama aliyemwinua mtoto juu. Mwaka 1966 alikuja Nairobi kuongoza idara ya usanifu katika chuo kikuu chetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, alisoma Makerere akafundisha watoto kuchora, na mwaka 1959 akapaka ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Yesu yakiwa na sura na mandhari za hapa kwetu. Mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, jumba la sanaa ambalo Nairobi nzima inapaswa kulijua. Hadi uzeeni, ukienda kumtazama Njau kama mgeni, ulijikuta umekaa darasani.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Rosemary Karuga. Aliingia Makerere mwaka 1950, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa pale. Alirudi Kenya, akaolewa, akafundisha shule miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuna gazeti lililomwita msanii. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa karibu na umri wa miaka 60, alianza kutengeneza picha kwa karatasi alizokuwa nazo, yaani pakiti za unga na makasha ya sabuni ya Rexona. Alizichana vipande vidogo, akavipanga kwa rangi, akavibandika hadi akapata kuku, twiga, mama anayechuuza. Ukiisogelea picha yake utaona herufi za pakiti zimegeuka manyoya. Watu husema alikuwa msanii aliyechelewa. Mimi naona mwalimu mle ndani, mtu aliyezoea darasa lisilo na rangi na ambaye mkono wake ulikuwa umeshajifunza kutafuta rangi jikoni. Alifariki mwaka 2021.

Kwetu Kenya njia ya kwenda kuwa mwalimu wa sanaa ilikuja kupita Kahawa, kando ya barabara ya Thika. Pale palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, iliyokabidhiwa serikali mwaka 1965 na kugeuzwa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1972 walipokelewa wanafunzi wa kwanza wa shahada ya elimu, mwaka 1978 kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kikahamia huko, na mwaka 1985 Kenyatta kikawa chuo kikuu kamili. Mimi niliingia baada ya hapo kidogo, nikitoka Gilgil, maana siku zile hakuna aliyeingia chuo kikuu bila kupitia mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Pale Jericho majirani walimwonea mama yangu huruma. "Mama, huyu mtoto atafundisha kuchora? Hiyo nayo ni kazi?" Mama alijibu kwamba mshahara wa mwalimu ni mshahara wa mwalimu.

Asubuhi tulichora watu, chupa na viatu, tukakanda udongo, tukachonga linoliamu na kupiga chapa. Mchana tulikaa kwa saikolojia ya elimu, maazimio ya kazi na maandalio ya somo. Ninakiri kwa moyo mweupe kwamba mchana ulininufaisha kuliko asubuhi. Kumfundisha mtu kivuli kunakulazimisha ujue kivuli kinaanzia wapi. Unaweza kuchora mkono miaka kumi kwa mazoea tu. Siku utakapoulizwa na mtoto wa kidato cha pili kwa nini kidole gumba hakilingani na vingine, ndipo utakapoutazama mkono wako kwa mara ya kwanza.

Mazoezi ya kufundisha nilifanyia Eastlands kwa kupenda kwangu, katika shule ya upili ambayo kabati la somo la sanaa lilikuwa na rula moja na chaki. Mkaa wa kuchorea tuliutengeneza wenyewe. Unachukua mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye kifuniko cha bati, unakitoboa kifuniko kitundu kimoja kwa msumari. Ndani unapanga vijiti vikavu vya mpera vilivyoambuliwa gome, visilegee, kisha unaweka mkebe juu ya jiko. Moshi mweupe utatoka kwenye kitundu. Ukikoma, epua, na usifungue mpaka mkebe upoe kabisa, kwa sababu hewa ikiingia mapema vijiti vitashika moto na utapata majivu. Karatasi za manila zilipokwisha, wavulana walivuka kwenda Industrial Area kuomba mabaki kwa wapiga chapa, wakarudi na vipande virefu vyembamba, na tukajifunza kuchora matatu, foleni za maji na kila kitu kilicho kirefu na chembamba.

Hicho kilikuwa kipindi kizuri cha somo letu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulitaka kila mtoto ajue kazi ya mikono, na sanaa na ufundi ikaingia katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wazazi wa Maringo na Makongeni walilalamika, na walikuwa na haki, maana leo walitakiwa kununua gundi, kesho mkonge, keshokutwa rangi. Wengine walikwenda soko la Kariokor wakanunua kiondo kilichokwisha kusukwa, mtoto akakipeleka shuleni kuwa kazi yake. Hata hivyo kila shule ilihitaji mtu wa kuisahihisha kazi hiyo, na sisi tuliotoka Kahawa tulikuwa na mahali pa kwenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani huo wa KCPE ulipunguzwa masomo, na sanaa ikaondolewa. Kwenye ratiba ya shule ya msingi ilibaki kwa jina. Kipindi chake kilichukuliwa na Hisabati. Katika shule za upili iliendelea kama somo la hiari la KCSE, mtihani wa kidato cha nne, lenye karatasi ya nadharia, ya vitendo na ya mradi, lakini shule nyingi za mitaa yetu hazikuweza kulibeba. Mimi nilipewa vipindi vya Kiswahili. Nilivifundisha kwa bidii, na ninakipenda Kiswahili, ila nilijua nimeondolewa kazini mwangu huku nikilipwa mshahara ule ule.

Tena jambo hilo lilitokea karibu wakati mmoja na lingine ambalo sijaona likihusishwa nalo. Wavulana wetu wengi, wakikosa sanaa darasani, waliipata gereji, kwa mafundi waliopaka matatu za Buruburu na Dandora sura za wanamuziki na wachezaji. Ile ilikuwa shule. Kijana alianza kwa kusugua bati kwa msasa, akapanda kuziba kwa gazeti na utepe, ndipo akakabidhiwa rangi ya kupuliza. Februari 2004 zikaja sheria za waziri wa uchukuzi, John Michuki: mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. Ndani ya miaka michache tu mtoto wa Eastlands alifungiwa mlango wa darasa na mlango wa gereji. Matatu zilirudishiwa rangi zao miaka kumi hivi baadaye. Darasa liliendelea kungoja.

Waliojaza pengo hawakuwa na vyeti vya Tume ya Huduma kwa Walimu. Kule Lunga Lunga, katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, vijana wa kikundi cha Wajukuu, akiwemo mchoraji Shabu Mwangi, walijijengea studio za mabati na kuanza kuwafundisha watoto wa jirani. Mwaka 2022 walialikwa Ujerumani kwenye maonyesho ya documenta ya Kassel, wakaufunika mlango wa jumba kwa mabati yenye kutu kama ya kwao, na wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Magazeti yalishangilia tuzo. Mimi nilishangilia kwamba kikundi kilichoipata kina darasa la watoto, kwa hiyo kile alichoanzisha Trowell nyumbani kwake kingali hai, mahali ambapo hakuna chuo kilichokipeleka.

Sasa mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa, na katika shule za upili za juu mwanafunzi anaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo. Nimeusoma mtaala huo kwa furaha, isipokuwa mahali pamoja: katika sekondari ya chini sanaa, muziki na michezo vimefungwa katika somo moja, na mwalimu mmoja anatarajiwa kuvifundisha vyote. Aliyesomea kupiga mpira atafundisha vipi kivuli? Nami nitafundisha vipi mpira? Kuna vijana kutoka Umoja na Kayole waliosomea kuchora na kusomea kufundisha, wanaokaa nyumbani wakipaka mabango ya vinyozi. Waajiriwe hao kwanza, na kila shule ya Jogoo Road ipewe chumba chenye bomba la maji na kabati linalofungika.